Shangazi, wanataka kumfanya Konda wangu NFT, nisaini au nikaushe?

Shikamoo Shangazi, pole na majukumu. Mi ni kijana wa miaka 26 naishi Mwananyamala, jina naomba ulifiche maana wahusika wote wanasoma hapa. Nachora tangu niko shule, na kwa sasa mimi na mshikaji wangu tuna lebo yetu ndogo ya tisheti na mahudi, mi nachora yeye anauza, yani yeye ndo mdomo mi ndo mkono. Tisheti tunachukua jumla Kariakoo mtaa wa Congo, tunaprinti kwa jamaa mmoja ana mashine yake, tunauza insta na kwenye fremu tuliyopanga hapa mtaani. Hatujatajirika ila kodi inalipika na jina limeanza kusikika.

Kilichotutoa ni mhusika mmoja niliyemchora anaitwa Konda. Ni konda wa daladala kabisa, kavaa kapelo kaigeuza nyuma, noti kazikunja katikati ya vidole, anavaa hudi kubwa imezungushiwa pindo la kanga na kwenye kifua kuna msemo ambao unabadilika kila toleo, halafu chini raba kali zenye alama ya tiki, ile unayoijua. Watu wanampenda Shangazi, kuna mtu alinitumia picha kajichora tatuu ya Konda mkononi nikabaki nacheka mwenyewe.

Sasa mwezi uliopita katokea bro mmoja Mbongo mwenzetu anaishi Dubai, akamcheki mshikaji wangu inboksi, akasema yeye na wenzake wanatengeneza kolekshen za NFT, zile picha za kidijitali zinazouzwa na hati ya umiliki ya mtandaoni, za sanaa ya mtaani na wanataka kolabo na sisi. Mpango ni hivi: wanachukua Konda, wanamkatakata vipande, kofia mbalimbali, mahudi mbalimbali, miwani, rangi za nyuma, halafu kompyuta inachanganya inatoa Konda 3,000 kila mmoja tofauti na mwenzake, kila mmoja anauzwa dola 50. Mimi napewa dola 1,500 za mwanzo, halafu asilimia 5 ya mauzo, halafu wanasema kila Konda akiuzwa tena napata roialti milele, yani hata wajukuu zangu watakula. Ila ili kuanza natakiwa nichangie dola 400 ya gesi ya kuminti, yani ada ya kumwandikisha Konda huko mtandaoni awe NFT, wanasema ni kuonyesha kwamba na mimi niko siriasi.

Wametuma mkataba kurasa 11 kwa Kiingereza. Nimeusoma kwa shida, kuna sehemu inasema nawapa haki zote za mhusika huyu, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, dunia nzima, bila ukomo wa muda. Nilipomuuliza yule bro akasema hiyo ni lugha ya kawaida ya wanasheria nisiogope, hata wasanii wakubwa wa Marekani wanasaini hivyohivyo.

Tatizo langu kubwa ni mshikaji. Nimekuja kugundua keshapokea dola 500 kutoka kwa yule bro bila kuniambia, kalipia kodi ya fremu ya miezi ijayo na hela nyingine sijui kafanyia nini, na sasa ananiambia nikigoma nitamuaibisha na tutadaiwa. Tumetoka mbali Shangazi, msiba wa baba yangu ndo alisimamia yeye. Mama anasema achana na mambo ya mtandao hayo ni freemason. Mchumba wangu anasema dola 1,500 ni mahari na bado inabaki. Mi mwenyewe usiku silali, naogopa kusaini na naogopa kuachia, maana nasikia kuna madogo huko nje wametoka kimaisha kwa michoro tu. Nifanyeje?

Mchoraji wa Mwananyamala

MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Usisaini, na hiyo dola 400 usitume hata senti. Mama yako mwambie freemason hawahusiki hapa, hapa kuna mkataba mbaya tu, na kwa mkataba mbaya huhitaji maombi unahitaji kusoma.

Nianze na hiyo gesi maana ndo inanuka kuliko vyote. Gesi ni ada inayolipwa kwa mtandao wenyewe, mfano Ethereum, ili kazi yako iandikwe kwenye blokcheini, lile daftari la pamoja la mtandaoni. Ipo kweli, hajaitunga. Lakini kwa nini uilipe wewe? Tangu mwisho wa 2020 OpenSea, soko kubwa la hizi NFT, waliweka utaratibu wa picha kutokuandikwa kwenye cheini mpaka mtu anunue, na gesi analipa mnunuzi. Na kuna mitandao kama Polygon, Base na Tezos ambako kuminti kitu kimoja ni hela ndogo sana, haifiki hata nauli ya Mbagala. Mtu mwenye mradi wa Konda 3,000 wa dola 50 anatarajia dola 150,000, halafu anakosa dola 400 mpaka akuombe wewe mchoraji? Kuna utapeli unaozunguka dunia nzima wa namna hii, mtu anamfuata msanii inboksi anamsifia, anampeleka kwenye tovuti ya kuminti, msanii analipa gesi, kwenye skrini anaona kazi zake zimeuzwa kwa mamilioni, akitaka kutoa hela anaambiwa alipe kwanza komisheni, na akilipa ndo mwisho wa habari. Sisemi bro wako wa Dubai ni mmoja wao. Dola 500 katoa, na tapeli wa aina hii kwa kawaida hatoi kitu. Ila msanii anayeombwa pesa ili auziwe kazi yake ashtuke, awe anaombwa na Mbongo au na Mzungu.

Tufanye sasa huyu bro ni mkweli kabisa na mradi ni wa kweli. Bado usisaini, na sababu yenyewe nadhani hujaiona, kwenye barua yako yote hujaigusa.

Unachouza wewe ni vitu vitatu na wao wamevifunga kwenye fungu moja. Kuna tokeni, yani ule mstari kwenye blokcheini unaosema Konda namba fulani ni wa waleti fulani, yani pochi ya mtandaoni. Kuna picha yenyewe, faili. Na kuna haki ya mhusika, yani nani anaruhusiwa kumchapisha Konda, kumbadilisha, kumweka kwenye katuni, kwenye kikombe, kwenye hudi. Mtu anayenunua NFT kwa kawaida anapata cha kwanza tu na ruhusa ya kukionyesha cha pili, labda mkataba useme vingine. Hicho cha tatu ndo shamba. Na hicho cha tatu ndo unakitoa kwa dola 1,500 dunia nzima bila ukomo. Maana yake siku ukienda kuprinti tisheti ya Konda kwa huyo jamaa yenu wa mashine, ile ile mnayoprinti leo, unakuwa unaiba mali ya watu wa Dubai. Umeelewa mwanangu? Wewe unajadili NFT, mkataba unachukua duka. Tatuu ya yule mteja wako wanaweza wasiidai, ila fremu mnayolipia kodi inabaki na hudi za kuuza zisizo na Konda.

Na hilo la wasanii wakubwa wa Marekani wanasaini hivyohivyo, sio kweli. Mkubwa anayeijua thamani ya mhusika wake anatoa ruhusa ya kutumia, kwa kitu fulani, kwa muda fulani, na haki anabaki nazo. Takashi Murakami wa Japani yale maua yake yanayocheka yamepita kwenye mabegi ya Louis Vuitton tangu 2003, michoro yake imepita kwenye mbao za skeitibodi za lebo ya Supreme 2007, na mpaka leo maua ni yake, akiamka kesho anayaweka anapotaka. Keith Haring alifungua duka lake New York mwaka 1986, Pop Shop, akauza tisheti na beji zenye vile vikaragosi vyake kwa bei ya mtu wa kawaida, watu wa sanaa wakamnunia kwamba anajishusha, lakini vikaragosi havikutoka mikononi mwake. Hii kolabo ya wachoraji na nguo za mtaani sio mambo ya NFT, ina umri kuliko wewe, na siku zote aliyefaidi ni yule aliyebaki na mhusika wake.

Haya, umesema unasikia kuna madogo wametoka. Ni kweli wapo. Mwanzoni mwa 2021 kulikuwa na kampuni ya viatu vya kidijitali inaitwa RTFKT ikafanya kolabo na kijana wa miaka 18 anayejiita FEWOCiOUS, wakauza raba za kwenye skrini na aliyenunua anapata na pea ya kuvaa kweli mguuni, pea kama 600 hivi zikaisha ndani ya dakika chache na zikaingiza zaidi ya dola milioni 3. Machi mwaka huohuo wapiga mnada Christie's wakauza picha ya msanii wa kidijitali Beeple kwa dola milioni 69. Dunia ikawehuka. Desemba 2021 Nike wakainunua RTFKT yenyewe. Kampuni hiyo tayari ilikuwa imetoa CloneX, vichwa 20,000 ambavyo Murakami alishiriki kuvichora, na ni mtindo uleule unaoambiwa wewe, vipande vinachanganywa na kompyuta, na mwanzoni mwa 2022 kuna watu walilipa makumi ya maelfu ya dola kwa kimoja.

Ila hadithi haikuishia hapo, na anayekuuzia mkataba siku zote anakata stori kwenye 2021. Desemba 2024 RTFKT wakatangaza wanafunga shughuli. Aprili 2025 picha za CloneX zikapotea kwa muda, mtu anafungua waleti yake anakuta badala ya kichwa chake kuna maandishi kwamba maudhui yamezuiwa, kwa sababu picha zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva ya kukodi na huduma ikabadilishwa. Tokeni ipo, picha haipo. Na mwezi huohuo baadhi ya wanunuzi wakafungua kesi mahakama ya Brooklyn wanaidai Nike zaidi ya dola milioni 5, wanasema kufungwa kule ndo kumeua thamani ya vitu vyao. Hapo tunazungumzia Nike, kampuni ambayo ina hela kuliko bajeti za nchi kadhaa. Sasa bro wa Dubai na wenzake ambao majina yao hata hujaniandikia, seva watalipia mpaka lini?

Na soko la leo sio la 2021, hilo ulijue. Konda 3,000 kwa dola 50 kuisha wote ni ndoto nzuri, ila naomba uniambie nani anawanunua. Wateja wako wa Mwananyamala na Sinza wananunua hudi kwa elfu arobaini wakilalamika, hawana waleti, hawana mpango. Wanaonunua NFT huko nje hawamjui konda ni nani wala kwa nini kakunja noti vidoleni. Hata wakiisha wote, hesabu inasema wewe unapata 7,500 na wao 142,500. Wakiuza 300 tu, asilimia yako ni dola 750. Ndo maana unatakiwa uangalie sana hela ya mwanzo na haki, asilimia ni pambo.

Roialti milele nayo. Mwanangu, wakati hizi NFT zinaanza hilo ndo lilikuwa tamu lake kuliko yote, kwamba msanii atakula kila kazi ikiuzwa tena, na mi nililifurahia kwa kweli maana wachoraji wetu wangapi wameuza kazi kwa bei ya chai halafu zikaja kuuzwa kwa mamilioni na wao hawana habari. Lakini roialti ile haikuwa imeshonwa ndani ya tokeni kama watu walivyodhani, masoko ndo yalikuwa yanaikata kwa hiari yao. Yakaja masoko mengine kama Blur yakavutia wateja kwa kutolazimisha, na Agosti 2023 OpenSea nao wakatangaza roialti inakuwa hiari ya muuzaji. Hiari, umesikia. Wajukuu zako watakula hisani ya watu.

Usije ukadhani Shangazi anachukia teknolojia, hapana, kuna waliofanya vizuri na ningependa uwaige. Adidas Desemba 2021 walitoa tokeni 30,000 kwa 0.2 etha kila moja, etha ni sarafu ya Ethereum, wakishirikiana na miradi ya NFT ya Bored Ape Yacht Club na Punks Comic na mkusanyaji anayejiita gmoney, na mwenye tokeni alikuwa na haki ya kupata hudi, trakisuti na ile kofia ya rangi ya chungwa ya gmoney, vitu vya kuvaa. Lebo ya mtaani ya Los Angeles, The Hundreds, walichukua lile bomu lao la katuni ambalo walikuwa wanaliprinti kwenye tisheti miaka nenda rudi, wakatoa mabomu 25,000 ya kidijitali mwaka 2021 kutoka kwenye kabati la disaini zao wenyewe. Angalia hao wa pili kwa makini. Nguo zilikuwepo toka 2003, wapenzi walikuwepo, digitali ikaja juu yake, na mhusika alibaki wa kwao. Wewe tayari una nguo na una wapenzi, unakimbilia wapi?

Kabla sijafika kwa mshikaji wako, hebu tuongelee hizo raba za tiki. Nimecheka lakini sio kicheko kizuri. Kwenye tisheti 40 za mtaani hakuna anayekuona, ukiweka kwenye blokcheini dunia nzima inakuona na rekodi yake haifutiki. Mwaka 2022 Nike waliishtaki StockX, soko la mtandaoni la raba, kwa sababu ya NFT zenye picha za viatu vyao. Mchoraji Mason Rothschild alitengeneza mabegi 100 ya kidijitali yenye manyoya akayaita MetaBirkins, akasema ni sanaa, Februari 2023 baraza la mahakama New York likasema hapana, likaamuru awalipe Hermès, wenye mabegi halisi ya Birkin, dola 133,000. Na ukisoma vizuri hiyo mikataba ya kurasa 11 karibu yote ina kifungu kwamba mchoraji anahakikisha kazi ni yake mtupu na akishtakiwa mtu atalipa yeye. Kitafute kwenye wa kwako, nakuhakikishia sitashangaa kikiwepo. Mchore Konda raba zako mwenyewe, mbona una mkono? Au mvalishe kata mbuga, ndo Konda halisi huyo. Na pindo la kanga vilevile, kama ni korosho za kawaida au kisutu hizo ni za bibi zetu wote, ila kama ulifungua kanga ya mchumba wako ukanakili pindo lilivyo, basi kuna mchora disaini wa kiwanda fulani mahali alilitolea jasho kama wewe ulivyomtolea Konda. Chora la kwako.

Sasa mshikaji. Hili najua ndo linakunyima usingizi kuliko gesi na blokcheini. Mtu aliyesimamia msiba wa baba yako humtupi kwa dola 500, na mi sikwambii umtupe. Ila kachukua hela ya kitu kisicho chake. Aliyemchora Konda ni wewe, kisheria hakimiliki inazaliwa na mchoro siku uliochorwa, na kuihamisha kunataka maandishi ya mwenyewe. Yeye kupokea hela inboksi hakukufungi wewe. Kinachoweza kuwafunga ni mkiendelea kukaa kimya mkila, halafu yule bro akaja kusema tulikubaliana. Kwa hiyo mwite, sio kwenye fremu mbele ya wateja wala kwenye grupu la WhatsApp, mwite nyumbani kwa mama ale chakula, umwambie mbili tatu. Umwambie kwenye fremu mnakaa wote, kwa hiyo sehemu iliyolipia kodi mnairudisha pamoja kutoka kwenye mauzo, nyingine ambayo hujui kafanyia nini ni yake. Umwambie kuanzia leo hakuna anayejibu dili la Konda peke yake. Halafu muandikiane hata karatasi moja, michoro ni ya nani, lebo ni ya nani kwa asilimia ngapi, mmoja akitoka inakuwaje. Ninyi mnaogopa mkataba wa Dubai wakati wa kwenu wenyewe hamna! Biashara nyingi za washikaji zinakufa hivyo, mdomo na mkono wanagombania tumbo.

Akisema utamuaibisha, muulize aibu gani kubwa kuliko mradi ukizima katikati na watu wa nje wakaanza kuja kwenye posti zako kudai hela zao. Januari 2022 kuna vijana wawili Marekani wa miaka 20 waliuza NFT zinaitwa Frosties za zaidi ya dola milioni moja wakafunga mtandao wakasepa, mwezi wa tatu serikali ikawakamata. Wanunuzi wakitapeliwa wanatafuta sura wanayoijua, na sura ya mradi wenu ni Konda, na Konda ni wewe.

Kuhusu kisheria huku nyumbani, ujue mambo mawili matatu. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba fedha halali hapa ni shilingi na biashara ya sarafu za mtandao inaenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni, halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Unaweza kusema wanakataza na wanakata, na mi sikubishii. Kwa hiyo malipo yako yaje benki kwa shilingi au dola za kawaida zenye karatasi, usikubali kulipwa kwa kitokeni chao kipya ambacho wanasema kitapanda. Halafu nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukamsajili Konda, haki unayo hata bila kusajili lakini siku ya ugomvi cheti kinaongea, na jina la lebo na alama peleka BRELA, wasajili wa biashara. Hiyo kazi ifanye wiki hii, kabla hujamjibu mtu yeyote. Na mkataba mpeleke kwa wakili hata mmoja kijana, ada yake inaweza hata isifike hiyo 400 ya gesi.

Ukishatoka huko ndo umwandikie bro wa Dubai, wewe mwenyewe, kwa heshima, kitu kama hiki: "Kaka, asante kwa kumpenda Konda. Haki za mhusika siuzi. Niko tayari kukupa ruhusa ya kutoa Konda wa kidijitali 300, kwa mwaka mmoja, nguo zote zinabaki kwangu. Ada ya kuchora ni dola 1,500, ile 500 mliyokwisha kutoa ikiwa ndani yake, na mauzo tugawane nusu kwa nusu. Gesi na uhifadhi wa picha ni juu yenu, na picha zihifadhiwe IPFS au Arweave, mitandao ya kuhifadhi isiyotegemea seva ya mtu mmoja, sio seva ya kukodi. Kila anayenunua apate na hudi yenye namba ileile, nitaiprinti mimi Dar, mtailipia nyinyi na usafiri." Hapo utamjua. Kama ni mtu wa kazi atabishana na wewe kwenye hiyo nusu, mwache mshuke mpaka asilimia 35, chini ya hapo hapana. Kama ni mtu wa mkataba tu atakasirika, atasema dili inafungwa leo usiku saa sita. Basi ifungwe, ile 500 mtairudisha kidogokidogo kwa maandishi na risiti.

Na akikataa bado hujapoteza kitu. Printi hudi 50 zenye namba, kila moja na msemo wake, weka kwenye lebo ya shingoni kile kichipu kidogo cha NFC au hata msimbo wa QR, mteja akigusisha na simu anamuona Konda wake anacheza na namba yake na tarehe aliyonunua. Hiyo unaweza kuifanya kwa tokeni kwenye cheini ya bei rahisi au bila tokeni kabisa, wateja wa Sinza hawatakuuliza. Anayetaka kununua nje ya nchi, Wabongo wa Oman, wa London, wa Minnesota, hao ndo wanamjua konda na wanamkumbuka kwa machozi, wauzie wao kwanza kabla ya kumtafuta mgeni asiyejua Mbagala iko wapi.

Mchumba wako mwambie mahari iko pale pale, ila isitoke kwa kumuuza Konda. Bro akijibu usimjibu usiku huohuo, nitumie nione kasemaje, na huyo mshikaji wako kama ana la kujitetea na yeye aniandikie, nafasi ipo.